Nilisema Imekamata

Ndugu zangu, nimekosa, na sitaki kuzunguka. Kuna mama hapa Butembo ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na mtaa mzima unasema alijitakia. Uongo! Ni mimi.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Napanga vyombo na kumpa daktari anachohitaji. Nilikuwa na sifa ya kujua kujipanga. Kitu kikikosekana, wenzangu wanacheka: “Muite Article 15!” Kwetu article 15 ni kujitafutia njia pale ambapo njia hakuna. Nami sifa ile ilinivimbisha kichwa, jamani.

Mama huyo nitamwita Mama Kahindo. Alianguka na pikipiki akirudi kutoka Beni, mfupa wa paja ukavunjika. Daktari aliamua kumwekea bamba la chuma, zile plaque ambazo skrubu zake zina meno hadi kwenye kichwa. Kichwa cha skrubu kinauma ndani ya tundu la bamba, vinakuwa kitu kimoja. Nguvu yake yote iko hapo. Kichwa kisipojifunga, bamba limeegeshwa tu kwenye mfupa.

Tulikuwa na masanduku mawili ya bamba na skrubu za msaada, kila moja na kiwanda chake. Nilipoyapanga asubuhi, niliona sanduku letu limepungukiwa skrubu ndefu. Nikachukua mbili katika lile lingine. Unene ule ule, urefu ule ule! Meno ya kichwa sikuyalinganisha. Sikumwambia mtu. Kujipanga si ndiyo ilikuwa sifa yangu?

Daktari alishika mfupa kwa mikono yote, akaniambia nikaze zile mbili za mwisho. Bisibisi yetu hulia “ka!” skrubu ikishajifunga. Nilizungusha ya kwanza, haikulia. Ikakaza kidogo, ikalegea. Ya pili vilevile.

“Imekamata?” daktari akauliza.

Aibu, ndugu zangu! Aibu ya kusema mbele ya wote kwamba nilichanganya!

“Imekamata, Docteur.”

Mama Kahindo alirudi nyumbani na magongo yake, amekatazwa kukanyaga. Haukupita muda akaletwa analia. Picha ilionyesha zile skrubu zangu mbili za juu zimechomoka, bamba limeachia mfupa, paja limepinda.

“Mama, ulibeba muzigo?” daktari akamuuliza kwa ukali. Mnawajua wanawake wetu: kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hao shambani. Kila aliyekuwa pale aliona jibu limepatikana.

Mama mkwe wake hakungoja. “Njo kazi ya kichwa nguvu! Balikukataza!”

Mama Kahindo akanitazama mimi. “Infirmier, miye hapana kubeba kitu. Nilienda tu ku toilette na béquilles, magongo yangu haya. Ubaambie basi!”

Picha ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia, “Mama, pumzika kwanza.” Ole wangu!

Alipasuliwa tena. Zile skrubu mbili nilizipokea mimi kwenye bakuli, na nikazitupa kabla mtu hajaziangalia. Mfupa uliunga vibaya. Mama aliyekuwa akilima mwenyewe shamba lake sasa anakaa mlangoni akichambua maharagwe ya wengine. Nikipita ananisalimu kwa heshima, na mimi naharakisha hatua.

Tangu hapo nasikia ile “ka” kila mahali. Mtu akibonyeza kalamu, nashtuka. Kufuli la duka, swichi ya taa, nashtuka. Mke wangu ananiuliza kwa nini nafunga mlango, nafungua, kisha nafunga tena. Nitamjibu nini? Nataka kusikia umejifunga.

Nilidhani nitazoea. Kisha Jumapili moja mchungaji aliita wenye kutubu waje mbele, nikasikia gongo likigonga sakafu. Alikuwa Mama Kahindo.

“Bababa na bamama, muniombee,” akasema. “Nilikosa utii. Docteur alinikataza, miye nikabeba. Njo maana Mungu aliniazibu.”

Jamani! Amesemwa sana mpaka naye ameamini! Hakubeba kitu, ninajua hakubeba, na sasa hata yeye mwenyewe anakumbuka alibeba!

Kanisa lote likasema Amina. Na mimi, ndugu zangu, nikasema Amina.

Bado sijamwendea. Naandika kwenu kwanza kwa sababu hamnijui, na huo nao ni woga. Lakini wewe unayekaza skrubu ya mfupa, au nati ya gari, au msumari wa paa la watu, nisikie: kama haikukamata, sema haikukamata. Utagombezwa, utachekwa, halafu utalala. Mimi sikutaka kuonekana mjinga, na leo mama wa watu anapiga magoti kumwomba Mungu msamaha wa kosa langu.