Mguu Wangu Ulitangulia

Waliponikata mguu wa kushoto, kisukari kikiwa kimeshaula kuanzia kidole gumba, daktari aliniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja tu: mguu wenyewe uko wapi?

Alidhani dawa ya usingizi haijanitoka. Lakini huku kwetu milimani mtu hagawanywi, kipande kikabaki hospitalini Voi na kingine kikaenda nyumbani Werugha. Kijana wangu, anayefanya kazi Voi na ambaye hunibishia hata nikisema mvua inanyesha, hilo hakulibishia. Mguu ulihifadhiwa mochari mpaka niliporuhusiwa kutoka, naye akautafutia katoni ya mafuta ya kupikia na kuufunga kwa leso yangu. Ningependa kusema kwamba nililia. Nilimgombeza kwa sababu ya leso, maana ilikuwa bado nzima.

Kijana alikuwa na mpango wake. Alikuwa ameniandalia chumba kwake Voi, kwenye tambarare, choo ndani na feni juu. Tungepanda Werugha, tuzike mguu, tuuze ng'ombe, tufunge nyumba, turudi. "Mama, ule mlima ni wa watu wa miguu miwili," aliniambia. Mimi nilitaka kubaki kwangu, kwenye ukungu wangu, na ng'ombe wangu, na kabichi zangu kwenye matuta. Feni ya nini kwa mtu aliyezoea kulala na blanketi mbili? Lakini niliogopa. Nikifumba macho nilijiona nikibingirika kutoka tuta la juu kabisa mpaka kwa jirani.

Asubuhi ya kuondoka, kijana alimpigia simu jirani huyo huyo. "Mzee, tafuta watu wachimbe shimo pale kando ya kaburi la baba. Leo tunapanda na mama." Kisha simu ikaisha chaji.

Jirani alisikia kila neno sawasawa. Ila hakuna mwanamke Werugha aliyewahi kuchimbiwa shimo kando ya marehemu mume wake kwa sababu nyingine isipokuwa kifo.

Tulipofika, gari tulilokodi lilikosa pa kuegeshwa. Hema lilikuwa limesimama uani, viti vya kanisa vimepangwa, masufuria makubwa yako motoni. Wanawake wa jumuiya walikuwa wakimenya viazi, na kila mmoja alikuja na pakiti ya sukari, kumlilia mtu aliyeangushwa na kisukari. Na juu ya sauti zote nilimsikia jirani.

Huyu lazima nimweleze. Tumegombania naye mpaka wa shamba tangu mume wangu akiwa hai na mimi nikiwa bado nafundisha shule. Tumepelekana kwa chifu mpaka chifu akachoka nasi. Yeye hushikilia kwamba jiwe la mpaka hutembea, na kila likitembea huelekea kwake. Sasa alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, mikono kichwani, machozi yanamtoka: "Mwalimu, umeniacha! Sasa mimi nitagombana na nani?"

Niliteremsha kioo cha gari. "Nipo," nikasema.

Mwanamke mmoja alitupa kisu na kiazi akakimbilia migombani, na hakuonekana tena mpaka chai ilipoiva. Wengine waliganda. Jirani alinitazama, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, na hasira zikampanda. "Kwa nini hukusema mapema?"

Kijana alitoa katoni akaeleza. Watu waliitazama katoni, kisha wakalitazama shimo. Lilikuwa la mtu mzima, kuta zimenyooka, kazi safi kabisa, na wachimbaji hawakutaka kusikia habari ya kulipunguza. Mchungaji alifungua kitabu chake cha ibada, akapekua, akakifunga. Mwishowe aliomba kwa kifupi, akishukuru kwa ajili ya "sehemu ya dada yetu iliyotutangulia." Mtu mmoja akacheka. Nadhani nilikuwa mimi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, hata mchungaji.

Kisha wakaiteremsha katoni kwa kamba, na kule chini ikaonekana ndogo sana. Hapo ndipo nilipolia. Ulikuwa mguu wangu. Ulikuwa umepanda mlima huu na kuni, na madaftari ya wanafunzi, na huyu kijana mgongoni, na haungerudi tena. Wanawake wakanizunguka: usilie Mwalimu, Mungu ni mwema, utakuwa kama zamani.

"Sitakuwa kama zamani," niliwaambia. "Mguu hauoti. Sukari bado iko mwilini, na huu mguu wa kulia nao daktari anauangalia kwa jicho baya. Naogopa. Msiniambie nitapona. Niambieni nani atanibebea maziwa."

Kijana akaona nafasi yake. "Ndiyo maana nampeleka Voi, akapumzike."

"Umeshanizika hapa," nikamwambia. "Kando ya baba yako, mchungaji akiwepo, na watu wote hawa wakishuhudia. Sasa unataka kunihamishia wapi?"

Wazee waliguna. Jambo lilikuwa zito: mtu azikwe Werugha, halafu aende kukaa Voi? Kijana, kwa kukosa wa kumtetea, akamgeukia jirani. Hapo alikosea kabisa.

"Maziwa nitabeba mimi," jirani alisema. "Napita hapa kila asubuhi, hata nikiwa nimekasirika."

Kijana hakukubali siku hiyo. Alikaa wiki nzima akinichunga, akitafuta sababu. Lakini kukamua ng'ombe hakuhitaji mguu. Kunahitaji makalio, na hayo kisukari hakijayagusa. Ng'ombe alinusa magongo yangu, akapiga chafya, akatoa maziwa kama kawaida. Ndoo yenyewe siwezi kuinyanyua, na sijifanyi kwamba naweza. Kijana aliondoka akiwa amenuna, akisema kile chumba chenye feni sasa kitabaki cha mizigo.

Nimeshaanguka. Siku moja nililala chali katikati ya kabichi, natazama ukungu, napiga kelele mpaka jirani akaja. Kabla ya kuniinua, aliangalia kwanza kama nimeangukia upande wake.

Kijana hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama niko sawa. Namwambia ukweli: siko sawa, na niko nyumbani.

Juzi asubuhi jirani alifika kuchukua maziwa, uso umekunjamana.

"Mwalimu, lile jiwe limesogea tena."

"Nimelisogeza kwa mguu gani?"

Alifikiri sana. Akanitazama mimi, kisha akatazama kule kaburini.

"Hata ule siuamini," akasema, akabeba ndoo.