Mheshimiwa Aliposimama na Wageni

Kabla watu hawajaanza kumwita Mheshimiwa, Mureithi alikuwa Baba Tiffany tu, fundi wa mageti Dandora. Ploti nyingi za mtaa wake zilifungwa kwa geti lililotoka mikononi mwake, na hata mlango wa chuma wa kanisa dogo walikosali yeye na mkewe Lydiah, aliuchomelea yeye. Mjane akija na geti bovu, lake lilitangulia, malipo yangejadiliwa baadaye. Ndiyo maana watu walimsihi asimame, wakamchagua mwakilishi wa wadi yao katika Bunge la Kaunti.

Na tusimnyime haki yake, alifanya kazi. Taa za barabarani ziliwaka, na mtaro uliokuwa ukifurika kila mvua ikinyesha ukazibuliwa. Lakini kiti kile kilimla. Asubuhi mlango wa nyumba yake ulijaa watu, huyu ana matanga, yule mwanawe ameshikwa na polisi. Jumapili alizunguka makanisa ya wenyewe akisalimia hapa, akisalimia pale, na Lydiah akawa anakaa peke yake kwenye benchi lao kama mjane mwenye mume.

Uchaguzi uliofuata, Mureithi akaanguka. Ndolo, aliyemwendeshea kampeni, hakukubali.

"Mheshimiwa, tumeibiwa hapa! Uza karakana yako ya mageti twende kortini. Jumapili nakuletea mnunuzi."

Mureithi hakusema ndiyo, hakusema la. Lydiah aliingia chumbani akapiga magoti. Hakuomba ushindi. "Baba, nirudishie fundi wangu," aliomba, basi.

Jumapili ilipofika Mureithi alivaa suti, akafuatana naye kanisani kwao. Lakini kiti cha mbele, kile cha waheshimiwa, kilikuwa kimekaliwa na mwakilishi mpya. Mureithi aliketi benchi la nyuma, amekaza taya.

Mzee wa kanisa akashika maikrofoni. "Wageni wetu wa leo, simameni tuwakaribishe."

Mureithi akasimama. Alifunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo, akanguruma, "Bwana asifiwe!" Alikuwa amesimama na wageni Jumapili nyingi mno, miguu haikungoja kuulizwa.

Lydiah alitamani sakafu immeze. Ndipo Mama Ndindi, muuza sukuma wiki, akageuka na kilemba chake.

"Wee Baba Tiffany, hebu keti! Mgeni gani huyo aliyetujengea mlango? Na mlango wenyewe unalia kama mbuzi tangu utukimbie!"

Kanisa zima likaangua kicheko, mwakilishi mpya akiwemo. Mureithi alitazama huku na huku, halafu naye akacheka mpaka akatoa leso. Alipoketi, mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Kweli unalia," alimnong'oneza Lydiah. "Bawaba ya juu. Niliusikia tukiingia."

Lydiah alimshukuru Mungu kimoyomoyo, asije akalia mbele za watu.

Walipotoka, Ndolo alikuwa nje na mnunuzi wake.

"Ndolo, ndugu yangu, umenipigania vya kutosha," Mureithi alimwambia. "Mpe mgeni wako chai. Karakana haiuzwi."

"Na kesi, Mheshimiwa?"

"Kesi gani? Nishikie mlango hapo, usiniangukie."

Akavua koti akampa mkewe, akainama kwenye bawaba, huku akipaaza sauti kuuliza ni nani hapo ana grisi.