Nilivyostaafu Kusoma Vichwa vya Watu Isevya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na minne na suruali ya shule iliyochanika nyuma. Sikujua kwamba naajiriwa. Nilikuwa nimeipeleka suruali kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu Isevya, nikakaa kwenye benchi lake nimejifunga kanga ya mama, nikisubiri. Katika kumbukumbu hizi nitamwita Mkurugenzi, kwa sababu nimewasikia wastaafu wengi wakisimulia kazi zao na kila bosi wao ana cheo. Wa kwangu asionekane wa kuokota.

Mkurugenzi alisimamisha cherehani, akatoa karata kwenye droo ya uzi, akazitandaza kama upepeo.

"Chagua moja. Itazame upesi, siyo mchumba hiyo."

Ilikuwa shupaza saba. Nikairudisha, akazichanga, akashona kidogo, kisha akasema bila kuinua uso, "Shupaza saba. Na suruali haikuchanwa na mti, kijana. Umeruka ukuta wa shule."

"Shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimesahau kumwamkia, na sasa nilishaanza kumwogopa.

"Marahaba."

"Umejuaje?"

"Karata ni kazi yangu. Ukuta, umekuja nao. Suruali yako ina chokaa ya kutosha kupaka chumba."

Nyinyi vijana wa sasa, na hapa nasema na kidato cha kwanza, mnadhani kiinimacho ni kuangalia video ya dakika moja kwenye simu halafu kwenda kuwasumbua dada zenu. Enzi zetu, yaani miaka mitatu iliyopita, tulisota. Nilichanga karata miezi miwili kabla ya kuruhusiwa kumwonyesha hata paka. Sharti lilikuwa mikono ichange huku mdomo ukipiga soga, na macho yasishuke. Nikiyashusha tu, Mkurugenzi alinigonga vidole kwa rula ya kupimia vitambaa.

Kisha nikafundishwa mlinzi. Mlinzi ni ile karata ya chini kabisa ambayo umeichungulia kabla mchezo haujaanza. Mtu akirudisha karata yake juu, unakata karata, wa chini anakuja kukaa mgongoni kwa ya mgeni. Baadaye unafunua moja moja, ukimwona mlinzi wako unajua mwenzake ndiye. Baada ya mlinzi nikafundishwa kulisha, yaani kumfanya mtu achague karata unayoitaka wewe huku akiamini kachagua mwenyewe. Mama yangu amekuwa akinifanyia hivyo kwenye mboga tangu nizaliwe, kwa hiyo niliielewa haraka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa benchi la nyuma darasani. Niliendesha kituo vizuri kwa muhula mmoja, hadi Mwalimu wa Zamu alipopita dirishani wakati namtafutia mwenzangu pau tano. Alizichukua karata zote. Nilirudishiwa siku ya kufunga shule zikiwa hamsini na moja. Sisemi kitu. Mwalimu wa Zamu ni mkubwa wangu.

Kituo cha pili kilikuwa Kipalapala, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko na kulima karanga. Siku hiyo padri mmoja mzee alikuja kumsalimia, nikaona hapa pana hadhira ya watu waliosoma. Nikamlisha karata, nikazichanga, nikamtajia yake. Alipiga makofi kwa furaha kabisa, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, ulipokuwa unachungulia, ulikunja pua. Usikunje pua."

"Kumbe umeona, Baba?"

"Miaka arobaini nimekaa nasikiliza maungamo. Nazijua pua."

Nilipomsimulia Mkurugenzi, alicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Wiki hiyohiyo akanipandisha cheo. Akanikabidhi ubao.

Ubao huo ulikuwa wa kawaida kuutazama, wa kuegemezea karatasi ukiandika, umevikwa plastiki nyeusi ya kufunikia makochi. Mtu anaandika jina kwenye kikaratasi juu yake, anakikunja, anakificha anapotaka. Asichojua ni kwamba chini ya ile plastiki kuna kaboni, ile karatasi ya kunakilia maandishi, na chini ya kaboni kuna karatasi nyeupe. Akikurudishia ubao, unainua kona kidogo huku unajifuta jasho, na jina lake liko hapo linakusubiri.

"Siri hii ni ya watu wawili," Mkurugenzi aliniambia. "Wa tatu akijua, unanirudishia ubao na karata zangu, kazi imekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mkurugenzi."

"Na useme hivi: andika jina la mtu yeyote. Hayohayo. Usiongeze."

Mimi nikaongeza.

Ilikuwa mwaka huu, mjukuu wa Mama Zuhura alipotimiza siku arobaini. Mama Zuhura ni jirani yetu, muuza maandazi, na nyumbani kwake kapanga Nestori, mwenzangu wa kidato cha nne, ambaye kwao ni Ulyankulu. Nestori ni mtu wa kimya, anasoma mpaka muhuri uliopigwa kwenye jalada la kitabu. Mchana baada ya pilau wakaniita uani niwachangamshe. Nikampa Mama Zuhura ubao. Lakini nikaona "mtu yeyote" halina mvuto, nikakohoa na kusema kwa sauti nzito, "Mama, andika jina la mtu ambaye wiki hii hakutoki kichwani."

Akaandika, akakikunja kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kanga. Nikajifuta jasho. Nestori. Nikafikiri, ona jinsi anavyompenda mpangaji wake. Nikafumba macho, nikayumba.

"Namwona... yuko karibu... analala chini ya paa lako... Nestori!"

Watu walipiga makofi. Mama Zuhura hakupiga. Alisimama.

"Mmesikia? Sijamwambia mtu! Nimeandika jina la aliyenichukulia herini za marehemu mama yangu, na mtoto huyu kamwona!"

Nestori alikuwa katikati ya ua, amebeba sufuria ya pilau lililobaki kwa mikono miwili. "Mama, mimi?"

"Wewe! Nimekukaribisha kama mwanangu. Fungasha, leo hiihii."

"Ubao haukosei," akasema mzee mmoja pembeni, anachokoa meno. "Bibi yake huyu kijana naye alikuwa na mambo yake."

Bibi yangu alikuwa akiuza asali ya Sikonge, hakuwa na mambo yoyote. Lakini hakuna aliyenitazama kama mchezaji tena. Walinitazama kama mpiga ramli. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza chini ya mwezi mmoja, na Nestori hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Aliiweka sufuria chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuitwa mwizi wa sufuria pia.

Nikamkumbuka Mkurugenzi. Wa tatu akijua, kazi imekwisha. Na pale uani walikuwa kama thelathini.

"Jamani," nikasema, "ni kaboni."

Nikainua plastiki, nikawaonyesha. Wakatazama. Wakatazamana.

"Kaogopa," akasema yule wa kuchokoa meno. "Waganga ndivyo walivyo, wakishataja wanaruka."

Nimesoma vichwa vingi katika utumishi wangu, lakini siku hiyo ndiyo nilijua jinsi vilivyo vigumu kuvifungua. Nikabadilisha karatasi ya chini, nikampelekea Nestori ubao.

"Soma wewe."

"Unazingua, bana. Niache."

"Mpe Mama aandike, ainue mkono, halafu fungua hapa. Basi."

Mama Zuhura aliupokea kwa dharau. Alifikiri, akatabasamu kijanja, akaandika na kukificha kikaratasi ndani ya kilemba. Nestori akainua kona. Plastiki ikapiga kelele.

"Mama," akasema, "umeandika Zuhura."

Zuhura mwenyewe, mama wa mtoto wa arobaini, alikuwa ananyonyesha mkekani. Akainua kichwa. "Mama! Mimi ndiye nimeiba?"

"Sijasema umeiba! Nimeandika tu, la kwanza lililonijia!"

"Ndivyo ubao unavyofanya, Mama," nikasema. "Haujui kitu. Unarudisha ulichoandika wewe."

Kisha watoto wakauvamia ubao, kila mmoja anataka kufunua, na mzee wa kuchokoa meno akasogea naye, eti anahakikisha. Mama Zuhura aliendelea kusimama, akitazama sufuria pale chini.

"Na wewe Nestori," akasema mwishowe, "pilau linapoa hapo unalitazama tu? Kaa ule."

Jioni ile nikaenda kwa Mkurugenzi, nikaweka ubao na karata hamsini na moja juu ya cherehani. Habari ilikuwa imeshanitangulia. Nikangoja rula.

"Nilikwambia useme nini?"

"Mtu yeyote."

"Ukasema nini?"

Nikamwambia. Akafungua droo, akaziweka karata ndani kwanza, kisha ubao, akafunga.

"Mimi yalinikuta Sikonge, msimu wa tumbaku," akasema. "Nilitaja jina, wakamfukuza mtu kijijini na mkewe. Ubao niliufunga kwenye baiskeli, nikaondoka. Sikusema neno." Akatia uzi kwenye sindano, mara ya kwanza ukakosa tundu. "Nenda kasome, kijana. Umestaafu vizuri kuliko mimi."

Sasa nimepumzika. Nina miaka kumi na saba, na asubuhi magoti yananiuma kidogo, ingawa mama anasema ni mpira. Nestori bado yuko chumbani kwake na ananisaidia hesabu, ambazo hazichunguliki. Herini hazijaonekana mpaka leo. Mama Zuhura haamini kaboni moja kwa moja. Nikipita mbele ya karai lake anavuta kanga hadi usoni.

"Usinitazame kichwani, wewe."

"Shikamoo, Mama. Unafikiria kunipa andazi la bure."

"Marahaba. Umekosea."

Kila asubuhi anasema nimekosea. Na kila asubuhi andazi langu linakuwa limeshafungwa kwenye gazeti, liko pembeni, la moto.