Mchoraji Niliyemfanya Mwizi

Bado naona aibu kulisema hili, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Kinyangiri, ambao hulisimulia kwa chumvi nyingi mpaka mimi mwenyewe nacheka.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana niliyeamini nimezaliwa kuandika, na nilikuwa nimemaliza riwaya ya upelelezi kuhusu mchoraji anayeiba mkufu wa dhahabu wa mke wa mwenye duka na kuuficha nyuma ya picha, riwaya niliyoipenda kama mkulima anavyopenda mvua ya kwanza. Mchoraji huyo sikumtoa mbali. Alikuwa rafiki yangu Mkumbo, aliyepaka rangi kuta za maduka kwetu na kuchora ng'ombe ambao ungedhani wangeanza kulia wakati wowote. Nikachukua mkono wake wa kushoto aliochorea, kofia yake yenye unyoya wa kanga, hata rangi ya samawati iliyoganda kwenye kucha zake, nikabadilisha jina tu (na nikaona nimefanya kazi kubwa).

Siku ya mnada niliahidi kuwasomea marafiki wawili, pembeni. Upepo ulikuwa mkali, sauti haifiki, basi nikapanda juu ya jiwe ambalo karani wa mtemi husimama juu yake kusoma amri za boma la serikali. Ni hilo tu nililofanya. Sikufikiri kwamba watu wetu hawajawahi kusikia karatasi ikisomwa kutoka jiwe lile isipokuwa yenye habari za kweli, za chanjo ya ng'ombe au za mtu anayetafutwa. Wakanyamaza, wakasogea, wanaume wakavua kofia, nami (mjinga wa kupindukia) nikadhani ni utamu wa sentensi zangu. Mzee Msengi alipoondoka haraka katikati ya sura ya pili, nikadhani amekwenda kuwaita wenzake.

Mzee Msengi ndiye baba yake Naomi, mchumba wa Mkumbo. Nilipofika sura ya tatu nikaona ng'ombe wa mahari wakipita kando ya mnada, wakirudishwa kwa Mkumbo, na Naomi nyuma yao analia bila sauti.

Nikashuka mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkwe wangu mwizi, nawe ulijua ukakaa kimya hadi leo?"

"Ni hadithi, mzee. Nimeitunga."

"Kuitunga ndiyo nini?"

"Nimeitoa kichwani. Haikutokea."

"Yaani umesimama pale pa karani ukasema uongo?"

Nikaanza kukunja karatasi zangu.

"Basi rudi palepale, ukaseme."

Nikapanda tena, nikatangaza kwamba mkufu haukuwepo, duka halikuwepo, wizi haukuwepo. Mama mmoja muuza karanga akauliza, "Na yule askari aliyevunjika mguu?"

"Hakuwepo, mama."

"Jamani! Na nilivyomwonea huruma!"

Watu wakacheka. Mzee Msengi hakucheka. "Karatasi bado ina kofia yake na mkono wake," akasema. "Kesho ataisoma mtu mwingine. Apatikane mwizi mwingine, humo humo, sasa hivi, ndipo ng'ombe wageuke."

Mkumbo alikuwa amefika, brashi mkononi, mtulivu kuliko sisi sote. Akafumba jicho moja, kama anavyofanya akipima ukuta, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Andika," akasema. "Masikio mapana. Shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Akitembea, anajisikiliza."

Nikafuta, nikaandika, nikasoma kwa sauti, na kabla sijamaliza mnada mzima ulikuwa umenigeukia.

"Kumbe ni wewe!" akapiga kelele muuza karanga.

Mzee Msengi akapiga mluzi, ng'ombe wakageuzwa, na Naomi akajifuta uso kwa ncha ya nguo.

Harusini nilikaribishwa vizuri. Ila shangazi yake Naomi, alipoona nimekaa karibu na kapu la zawadi, alilivuta taratibu mpaka upande wake.

"Si kwamba nakudhania, mwanangu," akaninong'oneza, "ila nilikuwepo iliposomwa."

Bado naandika. Lakini nimeapa kwamba mwizi yeyote nitakayemtunga sitampa hata ukucha wa jirani yangu, na hadithi zangu nitazisoma nikiwa nimekaa chini, katikati ya watu walioambiwa mapema kwamba nawadanganya.