Picha Iliyoulizwa Kabila

Nakumbuka mchana mmoja wa hofu hapa Likasi, na ni lazima nianze na huo kabla ya kukujibu. Mwanangu, umeniuliza filamu gani na picha gani zinafaa kutafutwa, ukadhani bibi atakutajia mbili tatu kisha anyamaze. Vumilia kidogo.

Ilikuwa miaka ile kazi inakufa kwenye viwanda vya shaba vya Shituru, na watu wakaambiwa kwamba Wakasai, watu ambao wazee wao walitoka Kasai kuja kufanya kazi hapa, ndio waliowanyang'anya maisha. Majirani tuliokula nao bukari, ugali wetu, walifukuzwa majumbani, wakawa wanalala kwenye kituo cha treni wakingoja behewa la kuwapeleka mbali. Mmoja wao alikuwa Papa Ntumba, mchoraji. Alikuwa akichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, kisha akizitembeza picha nyumba kwa nyumba kuziuza hata rangi haijakauka vizuri. Mke na watoto wake walikuwa wamekwishafika kituoni. Yeye alirudi kuchukua blanketi, akakuta vijana wenye fimbo barabarani, akaingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Mama akamficha jikoni, nyuma ya magunia ya makala, makaa ya kupikia.

Nami nikakumbuka picha. Saloni yetu, yaani sebule, kama saloni nyingi za hapa, ilikuwa na picha ya ukumbusho ukutani: mtu amelazwa kifudifudi, anachapwa, wakati wa wazungu. Jina la Papa Ntumba lilikuwa chini, pembeni, kwa rangi nyekundu, na kila mtu alijua ni jina la Kikasai. Nikapanda kiti niiteremshe.

"Acha," Mama alinong'ona. "Bote banaijua hii picha. Bakikuta ukuta mutupu bataanza kuuliza tunaficha nini."

Nilishuka, nikakirudisha kiti mahali pake. Hapo hapo wale vijana wa fimbo wakaingia.

Aliyewaongoza nilimjua, tuliimba naye kwaya parokiani. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya picha akalisoma lile jina. Sasa kwetu mgeni akitazama picha, mwenye nyumba humweleza, hata mgeni awe wa namna gani. "Utuelezee, mama," akasema.

Mama akaeleza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mno, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. "Uyu banamupiga. Uyu wa fimbo ni muntu mweusi sawa yeye. Muzungu iko anavuta tumbako tu."

"Uyu wa chini ni wa kabila gani?"

"Angalia mugongo yake, mutoto yangu. Weye unaona kabila gani?"

Jikoni vumbi la makala likamshinda Papa Ntumba, akakohoa. Nikakohoa na mimi, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka. Kijana yule aliniangalia. Alisikia, mwanangu, nina hakika alisikia. Akageuka tena, akamtazama yule mwenye fimbo kwenye picha, kisha fimbo yake mwenyewe akaificha nyuma ya mguu.

"Humu hamuna muntu," akawaambia wenzake. Wakachukua redio yetu wakaenda.

Hadi leo sijui kama ni picha iliyomgusa au ni redio iliyomtosha. Papa Ntumba alifika kituoni akapanda treni na watu wake. Sikupata habari zake tena, na jambo hilo bado linaniuma.

Sasa jibu lako. Tafuta wachoraji wa mitaani, wa hapa na wa mji jirani wa Kambove, uwaombe wakuelezee kazi zao kwa mdomo wao. Tafuta filamu zinazokuonyesha uso wa anayepiga, si mgongo wa anayepigwa peke yake. Zile zinazokuchekesha mtu anapoumizwa, zima simu ulale. Naogopa, nakuambia wazi. Wale vijana walikuwa na umri wako, na wengi wao walikuwa wapole kama wewe. Juzi nilikusikia ukisema "watu wale" juu ya jirani mpya, na usingizi ukanikimbia.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya picha yoyote, jiulize wewe ungesimama wapi ndani yake, na usiharakishe kujibu. Mungu akupe macho yasiyochoka kumwona mtu, na siku watakapokuita uende kupiga, aushike mkono wako.