Bidoni Langu Mbele ya Msikiti

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata siku ile ya Idi hapa Kolwezi bado inanichoma masikio.

Mimi ni katibu wa bourgmestre, mkuu wa komuni yetu, yaani ndimi ninayemwandikia hotuba, na yeye husoma kila kilichomo bila kukipitia kwanza (ukiandika "geuza ukurasa", atasoma na hiyo). Basi Waislamu wa mtaa wetu wakamwalika kwenye Idi yao, na kwa mara ya kwanza kiongozi angesimama mbele yao aseme hadharani mema waliyoifanyia nchi. Imamu, Tata Saidi, aliwaita hata wazee wagonjwa waje wasikie kwa masikio yao. Bourgmestre akaniambia, "Dido, enda uulize kule ku musikiti, balifanyaka nini." Msikiti wenyewe unatazamana na nyumba yangu! Lakini jua lilikuwa kali, na kwenye kompyuta nilikuwa na hotuba ya jubilei ya parokia, tamu kweli, nikafuta "Wakatoliki" nikaweka "Waislamu" kila mahali, nikaenda zangu kunywa bia.

Siku ikafika, watu wametulia kwenye uwanja wa msikiti na kanzu zao nyeupe, bourgmestre anasoma kwa sauti nzito, "Tunawashukuru Waislamu kwa masista wao wanaotibu wagonjwa wetu..." Wazee wakatazamana. "...kwa divai yao nzuri..." Nikaanza kumpungia mikono anyamaze, naye akadhani namshangilia, akapandisha sauti, "...na kwa nguruwe watatu waliotupatia siku ya uhuru!"

Tata Saidi akasimama taratibu, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Bwana Bourgmestre, nguruwe hatukuletaka hata moya. Siye tulichimba kisima. Batu yote banakunywa pale, baislamu, bakristu, yote. Muangalie ku robinet."

Uwanja mzima ukageuka kutazama bomba, ambako mabidoni ya manjano ya kuchotea maji yalikuwa yamepangwa foleni tangu asubuhi, na la mbele kabisa limeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe, DIDO SECRÉTAIRE (cheo nilikiongeza ili watu wasinisogeze nyuma).

Walicheka mpaka wazee wakafuta machozi. Bourgmestre hakucheka. Alinipa mikrofoni niseme mwenyewe Waislamu walifanya nini, na mimi, miaka sita nakunywa maji yale, nayapikia, nayaoga, nikaweza neno moja tu, "Mayi."

Naapa, tangu siku ile siandiki hata mstari kabla sijavuka barabara kuuliza. Na hata nikitaka kusahau sipewi nafasi, kwa sababu kila asubuhi Mama Zaina, mwenye ufunguo wa bomba, huniuliza mbele ya foleni nzima, "Secrétaire, tulifanyaka nini?" Nikishajibu ndipo anafungua.