Salamu Zisizo na Anwani

Mwalimu Edmund Luvanda alikuwa mtu mwema. Hilo tuliseme mapema kabisa, maana mbele ya safari msomaji atatamani kumkaba koo. Alizaliwa jirani na misheni ya Tosamaganga, mtoto wa pekee wa Mama Verediana, mjane aliyemsomesha kwa kufua mashuka ya watu. Akachukua ualimu, na mwaka 1976 akapangiwa Shule ya Msingi Mnyanga, ndani kabisa ya mbuga za Usangu, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Chimala. Mtu wa baridi ya Iringa, aliyezoea kulala na mablanketi mawili, akatupwa kwenye joto, mbu na vumbi la ng'ombe. Wiki ya kwanza aliugua malaria. Wiki ya pili akaugua upweke, na huo haukuwa na dawa katika zahanati yoyote.

Dawa akaipata mwaka uliofuata, alipokwenda Mbeya mjini na kurudi na redio. Wenzake wengine wakipata mshahara walinunua baiskeli, au walioa. Edmund alioa redio. Aliishonea koti la kitambaa cha khaki ili isiingie vumbi. Alisimamisha mti mrefu nje ya nyumba akafunga waya juu yake, akashusha ncha mpaka dirishani, na sauti ikaja safi hata watu wa mtaa wa pili wakawa wanasikia. Betri zikichoka alizianika juani kama dagaa, zikapata nguvu za siku mbili zaidi. Zikifa kabisa alizipasua, akauchanganya ule unga wake mweusi na majani yaliyopondwa, akawapa watoto wapake ubao. Hakuna kilichotupwa.

Asubuhi aliibeba darasani kwa vipindi vya shule, watoto sitini wakakaa kimya kama wako kanisani wakimsikiliza mtu wa Dar es Salaam akiwafundisha Jiografia. Jioni ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa anasoma kwa njia ya posta ili apande daraja, na redio ilimsaidia Kiingereza. Kisha kulikuwa na kipindi cha salamu, wasikilizaji wanatuma kadi zinasomwa hewani. Alituma kadi moja, kwa kujaribu tu, akimsalimu mama yake. Mwezi ukapita, kadi ikasomwa, na Mama Verediana akaisikia kwa jirani. Barua aliyomwandikia mwanawe baada ya hapo ilikuwa na madoa ya machozi. Edmund aliisoma mara nyingi, akajiona amegundua kitu kikubwa kuliko kilichogunduliwa na wazungu wote walioitengeneza hiyo redio.

Sasa tumlete Kashindye. Huyu alikuwa mama wa Kisukuma, mrefu, mkono wake wa kushoto umepinda kwenye kiwiko kwa sababu mumewe aliwahi kuuvunja na haukuungwa vizuri. Alikuwa amemkimbia mume huyo kutoka Maswa, akaja Usangu kwa kaka yake Nkuba, aliyehamia huko na ng'ombe zake. Alikuja na binti mmoja, Roza. Mtoto mdogo wa kiume, Ngolo, alikuwa kwa bibi yake siku ile ya kutoroka, na mama hakuweza kumpitia. Alipompeleka Roza shuleni kuandikishwa darasa la sita, aliyekuwa mezani siku hiyo na daftari la mahudhurio alikuwa Mwalimu Edmund.

"Mwalimu, andika Roza Nkuba," alisema. "Nkuba ni mjomba yake. Jina ya baba yake usiandike. Masunga asijue tuliko. Huko kwetu mahari ililipwa, mtoto ni ya baba. Akijua atakuja kumbeba, amuoze, apate ng'ombe."

"Mama, ondoa wasiwasi," Edmund alimjibu. "Hapa ni shule. Neno lako limefika."

Na kweli lilifika. Tatizo ni kwamba lilifika likalala. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mtu mwenye redio. Roza akaingia darasa la saba, wa kwanza darasani kila muhula, mtoto wa maneno machache na mwandiko wa kupendeza, na Edmund alishaanza kumwambia Mwalimu Mkuu Filemoni kwamba kama kuna mtoto wa Mnyanga atakayekwenda sekondari, basi ni huyu. Ya Masunga hakuyakumbuka tena.

Ndipo lilipomjia wazo lake. Somo la kuandika barua lilikuwa linawachosha watoto, maana waliandika barua ambazo haziendi popote. Edmund akaagiza kadi, akagawa, kila mtoto yake. "Leo mnaandika salamu za kweli," alitangaza. "Zitasomwa redioni, nchi nzima isikie." Darasa likalipuka kwa kelele. Kwanza waandike kwenye daftari, yeye asahihishe, kisha wanakili kwenye kadi.

Katika barua Edmund alisamehe mengi: herufi kubwa, nukta, hata mwandiko wa kuku. Kitu kimoja hakukisamehe kamwe, nacho ni anwani. Mapadri walimchapa fimbo kwa ajili ya anwani alipokuwa mdogo, na alikua akiamini kwamba mtu asiyeandika anwani hana adabu. Daftari la Roza likaja. Lilisema: "Mimi Roza namsalimu mdogo wangu Ngolo Masunga huko Maswa. Ngolo, mimi na mama hatujambo. Usilie. Ukipelekwa shule, soma kwa bidii." Basi. Mwisho wa salamu.

"Roza, simama. Uko wapi?"

"Niko hapa, mwalimu."

"Hapa ni wapi? Mtangazaji ataijuaje hiyo hapa yako? Au salamu hizi zinatoka mbinguni?"

Darasa zima likacheka. Roza alisimama akishika ukingo wa dawati.

"Mwalimu, nimeiacha..."

"Umeiacha, ndiyo, nami nimeona. Ndiyo maana nimekukata alama tano. Mtoto wa kwanza darasani!"

Akachukua kalamu nyekundu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa ili zisomeke: Shule ya Msingi Mnyanga, Chimala, Mbeya. "Nakili yote, na hiyo usiiruke." Roza akatazama daftari kwa muda, akainamisha kichwa akanakili. Angefanya nini? Ni mtoto, na mwalimu wa wakati ule alikuwa na fimbo, serikali na Mungu upande wake. Kadi zikafungwa kwa uzi, zikaenda posta.

Zilisomwa baada ya wiki tano, Jumamosi alasiri. Edmund aliiweka redio kwenye kiti mlangoni na watoto wakajaa uani. Kila jina liliposomwa, mwenye jina alirushwa juu. Likaja la Roza. Mtangazaji alisoma vizuri, sauti yake nzito, mpaka mwisho: Mnyanga, Chimala, Mbeya. Wenzake wakageuka kumrusha, wakamkuta amejifunika uso kwa shali. Edmund akacheka akasema aibu za kike hizo. Alikuwa bado anacheka lile neno lililolala lilipoamka. *Masunga asijue tuliko.*

Hapo ndipo hasira zinapompanda mtu. Kwa maana hapo palikuwa na nafasi. Kashindye alikuwa mtaa wa tatu tu, akipepeta mpunga. Angekwenda akamwambia, "Mama, nimekosa. Funga mizigo." Wangehamia Mufindi kwenye mashamba ya chai, hata Nyololo, mahali popote, na mtoto angesoma huko. Edmund hakwenda. Aliona haya. Alijiambia Maswa ni mbali, na kwamba salamu zinasomwa mamia kila siku, nani anazikumbuka. Alijiambia pia kwamba watu wa kijijini huko huenda hawana redio, yeye aliyejisifu miezi yote kwamba redio inafika kila pembe ya nchi. Jumatatu akaingia darasani. Roza alimtazama mara moja tu, akafungua daftari.

Wiki tatu zikapita, mtihani wa darasa la saba ukabakiza siku kumi. Ijumaa moja mchana akaja mgeni shuleni, mtu mzima mwenye kofia na koti safi, na kijana wake mmoja aliyebaki barabarani. Alimwamkia mwalimu kwa adabu nyingi, akamkabidhi kifurushi cha gazeti.

"Ndiyo wewe mwalimu ya redio? Tulikusikia mpaka kwetu. Nimekuletea mawe ya redio, mwalimu. Ahsante sana."

Edmund akafungua. Betri mpya, pakiti nzima, hazijaguswa. Akafurahi kama mtoto. Akazipokea kwa mikono miwili, akamvutia mgeni kiti, akauliza ametoka wapi.

"Maswa," alisema yule mtu. "Mimi ni Masunga. Nimekuja kuchukua mtoto yangu."

Masunga hakupiga kelele wala kumtisha mtu, na hilo lilimfanya Edmund ashindwe namna ya kupambana naye. Alikuwa na barua kutoka kwa katibu wa kwao, yenye mhuri. Walikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abrahamu, wakaketi kwenye magunia ya pembejeo. Edmund alisema mtoto ana mtihani, ni mtoto mwenye akili, asubiriwe siku kumi tu. Hakuna aliyemkatiza.

"Mahari ulilipa?" Mwenyekiti alimwuliza Masunga.

"Nililipa yote. Nkuba mwenyewe alishuhudia, muulizeni."

Nkuba aliitwa, akakiri. Angekataaje? Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu Mkuu. Filemoni akasema katika daftari mtoto ameandikwa kwa jina la uongo, na yeye hataki mambo na wakubwa wa elimu.

"Baba ni baba," Mwenyekiti akamaliza. "Mwalimu, rudi kufundisha."

Kashindye siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda mashamba ya mpunga ya mbali, alikolala siku mbili tatu kila alipopata kibarua. Roza alitolewa darasani akiwa na daftari mkononi. Hakulia. Alipopita mlangoni alisimama mbele ya Edmund akasema kwa sauti ndogo, sauti ile ile ya kujibu maswali:

"Mwalimu, mimi niliiacha makusudi."

Masunga akamshika binti begani, bila ukali, wakaondoka kuelekea Chimala wakalale huko wasubiri basi la Iringa la kesho.

Habari za kunyang'anywa mtoto zinakwenda mbio. Asubuhi ya Jumamosi Kashindye alikuwa uani kwa mwalimu, miguu imejaa tope kavu mpaka magotini. Alikuwa amejifunga kanga kwa nguvu kiunoni na kichwani ana kifurushi. Edmund alikuwa amekesha. Alitoka akiwa na viatu bila soksi, akamwamkia, naye hakuitikia.

"Basi linapita Chimala saa saba," alisema. "Nitawakuta. Nitalala mbele ya tairi, nipige kelele mpaka polisi waje. Safari hii sitaogopa kuvunjwa mkono wala shingo. Lakini nataka neno moja kwanza, mwalimu. Wanasema mtoto alitaja Mnyanga redioni. Mimi nilimwambia kila siku, asitaje. Nani aliandika Mnyanga?"

Edmund akamtazama. Aliyatazama yale matope, na ule mkono uliopinda. Neno lilikuwa moja, herufi nne, na lilikuwa kinywani tayari: mimi.

"Kama walimchukua kwa hila, nakwenda kumtoa," Kashindye alisema. "Kama yeye mwenyewe alimwita baba yake, amemkumbuka, nitamtoa wapi? Niambie."

Huko nyuma ya nyumba jirani alikuwa ameanza kutwanga. Edmund akawaza Mwalimu Mkuu atasema nini, kijiji kitasema nini, na barua itakayoandikwa kwenda Iringa ikamfikia Mama Verediana, aliyekuwa akiwasimulia watu wote habari za mwanawe wa redio. Akawaza pia, na hili ndilo baya zaidi, kwamba kile alichotaka kusema hakikuwa uongo.

"Kadi aliandika Roza," alisema. "Kwa mkono wake mwenyewe."

Kashindye akakishusha kifurushi kutoka kichwani, taratibu, akakiweka chini, akaketi juu yake. Alikunja ile kanga magotini.

"Basi amemchagua," alisema. "Mtoto hutaka baba."

Akaketi hapo mpaka jua likamfikia. Edmund hakuthubutu kuingia ndani wala kumsogelea. Alitazama saa yake mara moja tu. Ilikuwa haijatimia saa mbili asubuhi, na Chimala ni mwendo wa saa nne tu.